Uzoefu wangu: projekta ya bei nafuu katika chumba chenye dari ya mteremko

Projekta yangu ya zamani ilianza kuharibika kwa nukta nyeupe. Mwanzoni ilikuwa moja tu, juu upande wa kushoto, nikadhani ni vumbi kwenye skrini. Baada ya miezi michache zilikuwa nyingi kiasi kwamba kila tukio la usiku katika filamu lilionekana kama anga lenye nyota. Ilikuwa projekta ya DLP, yaani aina inayotengeneza picha kwa vioo vidogo mno vilivyopangwa juu ya chipu, na nukta zile zilikuwa vioo vilivyokwama visiweze tena kugeuka. Chipu hiyo hubadilishwa, lakini gharama yake, pamoja na ya taa mpya ambayo nayo nilihitaji, ilikaribia bei ya projekta nyingine iliyotumika. Nikaamua kutafuta mbadala, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kazi ngumu ilikuwa ni chumba chenyewe.

Chumba chetu cha kutazamia filamu kiko juu kabisa, chini ya paa. Kina urefu wa mita 3.9 kutoka ukuta wa skrini hadi ukuta wa nyuma, dari yake imeinama upande mmoja, na katikati inapita boriti nene inayoshuka chini ya dari. Mlango uko kwenye ukuta wa nyuma, karibu na katikati, kwa hiyo rafu yoyote ya projekta kwenye ukuta huo lazima ikae pembeni mwa mlango. Projekta ya zamani tulikuwa tunaiweka juu ya meza ndogo katikati ya chumba kila tunapotaka kutazama, nyaya zikitambaa sakafuni, na kila mara mtu alipoinuka kwenda kunywa maji ilibidi apite kwa kunyata. Nilitaka mbadala utuondolee adha hiyo, bila kuvuka bajeti ambayo ilikuwa ndogo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua kabla ya kupima. Nilichukua projekta ndogo mpya ya taa ya LED, kwa sababu sanduku lake lilitaja maelfu ya lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) na kudai kwamba inapokea video za 4K, yaani za pikseli takriban 3840 kwa 2160, nami nikasoma neno «inapokea» kana kwamba limeandikwa «inaonyesha». Kipimo chake halisi cha picha kilikuwa pikseli 1280 kwa 720. Lenzi haikuwa na zumu, hivyo ukubwa wa picha ulitegemea umbali peke yake, na kutoka kwenye rafu picha ilikuwa pana kuliko ukuta wenyewe. Nikaipunguza kwa menyu, kisha nikainyoosha kwa kistoni, yaani marekebisho ya menyu ya kunyoosha picha iliyopinda, kwa kuwa ilikuwa ikirusha kutoka pembeni. Marekebisho yote mawili hufanywa kwa kubana picha ndani ya pikseli zilezile, hayagusi lenzi, na matokeo yake niliyaona wazi kwenye maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya filamu: kingo za herufi zilikuwa na vijino, na mstari wa herufi «l» ulikuwa mnene mahali pamoja na mwembamba mahali pengine. Tukio lilipokuwa la giza, eneo lote la pikseli zilizoachwa bila kazi lilijitokeza ukutani kama fremu ya kijivu iliyopinda kuizunguka picha. Niliirudisha ndani ya siku za kuruhusiwa kurudisha.

Baada ya hapo nilianza upya kwa futi ya kupimia, utepe wa karatasi wenye gundi na uzi. Nilichora skrini ya inchi 100 ukutani kwa utepe huo: upana sentimita 221, kimo sentimita 125. Kisha nikamwomba mwenzangu ashikilie uzi mahali lenzi ingekaa, nami nikauvuta hadi kwenye kila kona ya ule mchoro, kwa kuwa mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka kama uzi ule. Tulipojaribu kutokea darini, uzi uligonga boriti kwenye kona mbili za juu. Tulipojaribu kutokea kwenye rafu, lenzi ikiwa sentimita 175 kutoka sakafuni, uzi ulifika kona zote nne bila kugusa kitu chochote wala kukaribia kichwa cha mtu aliyekaa kwenye kochi. Kazi hiyo ilichukua dakika 20, na ninasikitika kwamba sikuifanya kabla ya kutoa pesa mara ya kwanza.

Vipimo vile vilinipa masharti matatu. La kwanza ni uwiano wa umbali, ambao hupatikana kwa kugawa umbali wa lenzi hadi skrini kwa upana wa picha. Mtu anaweza kushawishika kutumia urefu wote wa chumba katika hesabu hii, lakini mwili wa projekta nao una kina, plagi za nyuma zinahitaji nafasi, na hewa ya moto inahitaji pa kutokea. Kwangu lenzi iliishia mita 3.4 kutoka skrini, na uwiano ukawa 1.54. La pili, katikati ya lenzi ingekuwa sentimita 25 kando ya katikati ya skrini, na sentimita 36 juu yake. La tatu, kwa kuwa kila kistoni huiumiza picha, nilitaka hitilafu hiyo ya mahali irekebishwe na lenzi yenyewe.

Sharti hilo la tatu liliondoa karibu kila projekta mpya iliyokuwa ndani ya bajeti yangu. Kuna lenzi zinazoweza kusogezwa juu, chini na pembeni ndani ya projekta, huku projekta ikibaki imeikabili skrini kwa unyoofu, na picha ikahama bila kupoteza pikseli hata moja. Projekta nyingi za bei ya chini hazina uwezo huu kabisa, na baadhi ya zile zenye nao husogeza juu na chini pekee, jambo ambalo lisingenisaidia kwa rafu iliyo pembeni. Nilifikiria pia projekta za masafa mafupi sana, zile zinazokaa juu ya kabati chini ya skrini, lakini mwanga wake hupanda ukutani kwa mshazari mkali kiasi kwamba skrini ya kitambaa cha kuvutwa, kama yetu, huonyesha kila wimbi. Zinataka skrini ngumu iliyonyooka, na hiyo ni gharama nyingine juu ya bei ambayo tayari ilikuwa imenishinda.

Nikageukia zilizotumika, nikachagua Epson EH-TW6700. Ni ya paneli tatu za LCD, yaani vibao vidogo vinavyopitisha mwanga ili kutengeneza picha, ina pikseli 1920 kwa 1080, uwiano wake wa umbali ni kuanzia 1.32 hadi 2.15, na lenzi yake husogea hadi asilimia 60 ya kimo cha picha juu au chini, na asilimia 24 ya upana kulia au kushoto. Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue: asilimia hizo mbili haziwezi kutumika zote kwa ukomo wake kwa wakati mmoja. Kadiri lenzi inavyosogezwa chini, ndivyo nafasi ya kwenda pembeni inavyopungua. Mahitaji yangu yalikuwa asilimia 29 kwenda chini na 11 kwenda pembeni, karibu nusu ya kila kiwango, kwa hiyo niliagiza nikiwa na utulivu wa moyo.

Kabla ya kuilipia nilimwomba muuzaji awashe menyu ya taarifa nione saa za taa, zikawa 1,100. Taa ya aina hii hupewa muda wa saa 3,500 katika hali ya kawaida na 5,000 katika hali ya kubana umeme, na muda huo huhesabiwa hadi mwangaza ushuke kufikia nusu, hivyo saa zilizokwisha kutumika ni sehemu ya bei. Nilimwomba pia aonyeshe skrini nyeupe tupu, kisha ya kijivu, kwa sababu vumbi likiingia kwenye paneli za LCD huonekana kama doa lililofifia, lenye rangi ya kijani, nyekundu au buluu. Haikuwa na doa.

Kufunga kulikuwa jioni moja ya subira. Niliweka pimamaji juu ya projekta, nikazungusha miguu yake hadi kitone kikatulia katikati, nikahakikisha kwamba pande zake ziko sambamba na kuta za pembeni, ndipo nikazungusha vitufe viwili vya lenzi vilivyo juu ya mwili wake. Picha iliteleza taratibu ukutani, ikashuka, ikasogea kushoto, ikakaa ndani ya mpaka mweusi wa skrini, kona zote nne zikiwa mraba, na kistoni ikiwa sifuri. Nilisimama pale kwa muda nikiitazama skrini ya menyu tu, kwa furaha. Herufi za tafsiri sasa zina kingo safi hata ukizisogelea.

Kuhusu mwangaza, nimejifunza kutofukuza namba kubwa. Skrini yangu ina eneo la mita za mraba 2.8 hivi, na kufikia kiwango cha kumbi za sinema, ambacho ni kandela 48 kwa kila mita ya mraba, inahitaji takriban lumeni 420 za kweli katika giza kamili. Projekta hii imeandikwa lumeni 3,000, na hata kama hali ya sinema, yenye rangi sahihi zaidi, hutoa pungufu sana ya hapo, inabaki akiba ya kutosha kwa taa inayozeeka. Kilichokuwa kinaharibu weusi wa picha ni dari yetu nyeupe iliyo karibu na skrini, ambayo ilirudisha mwanga juu ya picha yenyewe. Tulipaka upande huo rangi ya kijivu iliyokolea isiyong'aa, mita moja na nusu tu kutoka ukutani, na matukio ya usiku yakapata kina ambacho hakuna mpangilio wa menyu ulioweza kukitoa.

Mchana pazia likiwa wazi picha hupauka, na kwa hilo sina lawama, kwa maana weusi wa projekta ni ule ule weupe wa skrini usiomulikwa. Feni husikika katika hali ya mwangaza wa juu, hasa kwa mtu anayekaa chini ya rafu, hivyo tunatumia hali ya kubana umeme, inayotosha kwa usiku. Nimeongeza waya wa HDMI wa mita 10 wa nyuzi za mwanga, kwa kuwa ule wa shaba niliokuwa nao ulikuwa ukikata picha kila baada ya dakika chache, na nimeupitisha juu ya fremu ya mlango. Meza ndogo imerudi sebuleni.