Viatu vya kuvukia mito, baada ya miezi minane makorongoni

Nimevivaa miezi minane sasa, safari kumi na moja, zote za kupanda makorongo yenye misitu kufuata maporomoko ya maji. Ni viatu vyepesi vya wavu, soli ya mpira laini, na kila upande karibu na kisigino kuna vitundu vitatu vya kutolea maji. Naandika kwa sababu kila anayejiandaa kwa safari hizi huniuliza buti gani halipitishi maji, na naamini swali hilo ndilo linalotuumiza miguu.

Buti la namna hiyo lina kazi yake. Ule utando wake wa ndani, uliotokana na ugunduzi wa mhandisi Mmarekani Robert Gore mwaka 1969 alipoivuta plastiki iitwayo PTFE kwa ghafla ikajaa vitundu vidogo mno, huzuia umande na tope vizuri sana. Lakini korongoni shida si umande. Njia inaukata mto mara nane, mara kumi, maji yanafika magotini, na huingilia juu, kwenye shingo ya buti. Yakishaingia, utando uleule unayafungia humo. Siku moja niliyavua mabuti yangu ya zamani nikamimina maji kama mtu anayeinamisha kata. Jioni nyayo zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, na malengelenge mawili ya kisiginoni yakanikalisha nyumbani siku nne.

Hivi vya wavu huingiza maji papo hapo, na baridi yake mwanzoni ni kali hasa. Ila ukipanda ukingoni, hatua tano sita za kwanza unayasikia yakichuruzika kupitia vile vitundu, unayaona yakiacha alama nyeusi kwenye mawe nyuma yako, kisha basi. Mguu unabaki na unyevu, lakini mzigo umeondoka.

Sasa soli, maana hapo ndipo roho ya mtu ilipo. Vitale Bramani, mpanda milima wa Italia, alianza kuhangaikia soli ya mpira baada ya wenzake sita kufa kwenye mlima Punta Rasica mwaka 1935. Soli yake ya Vibram yenye meno makubwa ikatoka mwaka 1937. Meno yale ni mazuri kwenye tope. Kwenye jiwe lililolowa manyunyu mambo hugeuka: kinachoshika ni ulaini wa mpira na ukubwa wa sehemu inayoligusa jiwe. Hivi vyangu vina meno mafupi, mapana, yaliyokaribiana, na kwenye jiwe tupu lenye maji vinashika vizuri kuliko chochote nilichowahi kuvaa.

Kwenye mwani, hapana. Hakuna mpira unaoshika mwani. Dada yangu, aliyevaa viatu kama hivi, alikanyaga jiwe lenye rangi ya kijani kibichi chini kidogo ya bwawa la maporomoko, na kabla sijamwita alikuwa ameketi majini, kiwiko kinatoka damu. Tangu siku hiyo nalisugua jiwe kwanza kwa ncha ya kiatu. Likiteleza kama sabuni, nakanyaga mchanga wa chini hata kama maji yatanifika mapajani. Na kabla ya kuvuka nafungua mkanda wa kiunoni wa begi, ili nikianguka niweze kulivua.

Wapo wanaosifu soli za manyoya yaliyoshindiliwa, na ni kweli zinashika mwani. Sizitaki. New Zealand ilizipiga marufuku mwaka 2008 kwa wavuvi wa mito, kwa kuwa hubaki mbichi muda mrefu na zinaweza kuhamisha mwani wa didymo toka mto hadi mto. Mimi humfikiria chura wa Kihansi kule Tanzania, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko ya korongo moja tu duniani: bwawa la umeme likapunguza manyunyu, ugonjwa wa kuvu wa vyura ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kuvu wa aina hiyo anaweza kusafiri kwenye tope bichi la soli. Kwa hiyo navisugua viatu kwa brashi kila safari na kuvianika hadi vikauke kabisa. Vya wavu hukauka kufikia mchana wa kesho yake. Mabuti yalichukua siku tatu.

Kasoro zipo. Changarawe huingia, na punje moja chini ya unyayo inatosha kukusimamisha njiani. Soli ya ndani ilianza kujikunja safari ya tatu. Niliibandika kwa gundi, imetulia. Kifundo cha mguu hakina kinga, kwa hiyo mwenye kifundo kilichowahi kuteguka ajifikirie. Na maji yakianza kuwa ya kahawia, yakileta majani na vijiti, ni dalili ya mafuriko, na kiatu chochote hakina msaada. Panda juu upesi, usingoje kupiga picha.

Meno ya mbele yameanza kulika upande wa kulia. Nitanunua vingine vya aina hiihii, ila nitachukua nusu namba zaidi, kwa sababu soksi nene ikilowa hubana vidole wakati wa kuteremka.