Mashine ya gemu Unguja na Pemba: nunua inayocheza hata bando likiisha

Ukiingia dukani Darajani au Chake Chake, suala la mwanzo liwe hili: ina mlango wa diski au wa kadi ya gemu? Isiyokuwa nao hupakua kila gemu kwa intaneti, na gemu moja kubwa siku hizi hufika GB 100. Kwa anayetegemea bando la simu huo ni mzigo mzito.

Ya kwanza kwangu ni PS4 (PlayStation 4) ya diski, hata iliyotumika. Gemu zake nyingi unatia diski, unasubiri ijipakie, unacheza; na diski huazimwa na kubadilishana mtaani. Muuzaji asikuvutie kwa gemu alizojaza ndani. Zile ziko kwenye akaunti ya mtu mwengine, naye anaweza kukufungia wakati wowote. Ijaribu palepale kwa diski, Wi-Fi imezimwa. Gemu ikikataa kufunguka, usitoe pesa.

Ya pili, Nintendo Switch, inayotumia kadi ndogo za gemu badala ya diski. Ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika mtoto anaendelea. Kwa Switch 2 soma boksi la gemu: baadhi ya kadi ni ufunguo tu, gemu lazima ipakuliwe.

PS5 ya diski ingekuwa juu lau si bei. Ukinunua ile nyembamba ambayo sehemu ya diski huuzwa kando, ifungishe dukani, maana huhitaji intaneti siku ya kuiunganisha. Xbox Series X nayo hutaka intaneti siku ya kuiwasha mara ya kwanza. Xbox Series S, isiyokuwa na mlango wa diski, na PS5 Digital isiyofungwa sehemu ya diski ni za mwenye faiba nyumbani.

Sikatai, intaneti ina raha yake: hakuna diski ya kukwaruzika, marekebisho huja yenyewe, na unacheza na ndugu aliyeko Muscat. Ninachokataa ni kulazimishwa. Mwaka 2013 Microsoft walitaka Xbox One ijithibitishe mtandaoni kila saa 24. Wateja wakaja juu, sharti likaondolewa kabla haijaingia sokoni. Machi 2022 seva za Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari ya PlayStation, zilizimika zaidi ya saa 30, na hata anayecheza peke yake akafungiwa sehemu kubwa ya gemu aliyoilipia. Na Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania nzima.

Wapenzi wa mpira: kwenye EA Sports FC, Ultimate Team haifunguki bila intaneti, lakini mechi ya wawili sebuleni inachezeka.