Pampu ndogo ya upepo ya kuchomeka kwenye laita: nimeitumia miezi 14, haya ndo niliyoyaona

Seti ya matairi niliyokuwa nayo kabla ya haya ya sasa inaniuma mpaka leo. Nilitegemea yatembee kilomita elfu 50 hivi, kufika elfu 28 fundi akaniita njoo uone mwenyewe, akapitisha kidole kwenye kashata (ile sehemu ya tairi yenye mifereji inayogusa barabara), katikati bado imesimama vizuri kabisa ila kingo zote mbili, ya ndani na ya nje, zimelala kipara. Akaniuliza swali moja tu, upepo huwa unapima lini? Nikamwambia huwa naangalia kwa macho, nikiwa na wasiwasi nalipiga teke. Akatikisa kichwa. Yale matairi hayakuwa na kosa lolote, yalikuwa yanatembea na upepo mdogo miezi na miezi na mimi sijui, na tairi za siku hizi zinavimba kidogo pale chini hata zikiwa sawa kwahiyo jicho linadanganyika kirahisi sana.

Ndo nikanunua hii pampu ndogo ya umeme, volti 12, unachomeka kwenye tundu la laita. Ina waya wa mita 3 hivi, mpira mfupi wenye kichwa cha kuzungusha kwenye valvu, geji ya kidijitali na katochi kadogo. Unaseti namba unayotaka, unabonyeza, ikifika inazima yenyewe.

Siku ya kwanza tu ilinishtua. Kibandiko cha gari yangu, kipo pale kwenye nguzo ya mlango wa dereva ukiufungua (gari nyingine kipo kwenye mfuniko wa tenki), kinasema psi 33 (psi ndo kipimo cha presha ya upepo) mbele na nyuma. Nikakuta 31, 29, 25 na 24. Yaani tairi moja limepungukiwa zaidi ya robo ya upepo wake na gari ilikuwa inatembea vizuri tu, sijahisi chochote kwenye usukani! Na wale wenye gari yenye taa ya presha kwenye dashibodi msijiamini sana, kanuni ya Marekani inataka taa iwake presha ikishashuka asilimia 25 chini ya ile ya kibandiko, kwahiyo kwa 33 unaweza kutembea na 26 muda wote, tairi linalika na mafuta yanaliwa na taa imekaa kimya. Wizara ya Nishati ya huko huko wanasema kila psi 1 inayopungua kwa wastani kwenye matairi yote inakula kama asilimia 0.2 ya mafuta. Ni kidogo ukiangalia siku moja ila mimi naendesha kila siku.

Faida kubwa ya kuwa na pampu yako, na hii ndo sababu naisifia kuliko kwenda kujaza njiani, ni kwamba unapima tairi likiwa la baridi. Ile namba ya kibandiko ni ya tairi la baridi, maana yake gari imelala au imepaki masaa 3 au zaidi. Ukishaendesha, upepo unapata joto na presha inapanda, unaweza kuona 37 au 38 kwenye tairi ambalo asubuhi lilikuwa 33 na hiyo ni kawaida kabisa. Mimi zamani nilikuwa nikisafiri nikasimama nikakuta imepanda natoa upepo, nikidhani naliokoa tairi lisipasuke, kumbe nafanya kinyume chake, nikilala likipoa linabaki na upepo mdogo na kesho naondoka nalo hivyo hivyo kwa spidi kubwa na mzigo. Naomba sana msifanye hivyo. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kunja sana ubavuni kila linapozunguka, linatengeneza joto ndani, na matairi mengi yanayopasuka barabara kuu yanaanzia hapo. Na kingine, ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, 44 au 51, ni kikomo cha tairi lenyewe, sio ya kujazia. Kuna sehemu niliwahi kujaziwa kwa kufuata hiyo, gari ikawa inaruka ruka kila shimo. Ukizidisha upepo kashata inaisha katikati.

Sasa utendaji. Kutoka 24 mpaka 33 inachukua dakika 2 na nusu hivi kwa tairi la rimu ya inchi 15, sio haraka ila inatosha. Washa injini wakati unajaza, uwe sehemu ya wazi, maana inakula umeme kama ampea 10, na angalia kwanza fyuzi ya laita yako ni ya ngapi, yangu ni 15 ikakubali. Inapiga kelele kweli, asubuhi na mapema majirani wanajua. Baada ya dakika 10 mfululizo inapata moto na kitabu chake kinasema ipumzishwe, naipumzisha.

Kasoro iliyonisumbua zaidi ni geji. Wakati inapuliza inasoma juu kuliko ukweli, ukiseti 33 inazima, unasubiri kidogo inashuka 32, afu ukifungua kile kichwa cha kuzungusha upepo unavuja pssss unapoteza nyingine tena kabla hujakimaliza. Nilienda nayo kwa fundi tukalinganisha na geji yake ya mkono, yangu inazidisha psi 1. Sio ugonjwa mkubwa ukishajua, mimi naseti 35 afu napima na geji ndogo ya mkono niliyonunua baadaye. Na nasema hivi kwa moyo mmoja, kama hela yako inatosha kitu kimoja tu nunua hiyo geji ya mkono kwanza, pampu itafuata, kwasababu kinachookoa tairi ni kujua namba.

Na namba uziandike! Naandika kwenye simu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Tairi zima hupoteza kama psi 1 kwa mwezi hata bila pancha, hiyo haitishi. Ila mwezi wa tatu nikaona la nyuma kulia limeshuka 6 wakati wenzake wameshuka 1. Nikapaka maji ya sabuni kashata yote, hamna kitu, nikapaka kwenye valvu, mapovu hayo. Fundi akabadilisha kile kijipini cha ndani ya valvu, dakika tano kazi imeisha na gharama yake ni kama hamna ukilinganisha na tairi. Nisingeandika ningekuwa najaza tu kila mara nashukuru nina pampu.

Spea nayo jamani. Ile nyembamba ya dharura, imeandikwa wazi psi 60, na spidi isizidi kilomita 80 kwa saa. Nilikuta ina 31. Nilikuwa natembea na mzigo usio na kazi kwenye buti, tena nikiwa na watoto. Nilipoinama nikaona na ile namba ya tarehe, mwisho wa yale maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu 4, mbili za wiki na mbili za mwaka, yangu ilisema 1211, yaani wiki ya 12 mwaka 2011. Michelin na Continental wote wanasema miaka 10 tangu tairi litengenezwe ndo mwisho hata kama kashata bado ipo, na spea imo. Nikaitoa. Hiyo namba ndo uangalie pia ukiuziwa matairi ya mtumba, kashata inaweza kuwa nene inavutia ila mpira ushakauka na una vinyufa ubavuni, hapo hujaokoa hela, umenunua ajali.

Kitu ambacho pampu haiwezi na watu wanaifanyia ni hiki, umetembea na tairi limelala kabisa afu unalijaza unaendelea na safari. Ubavu ukishasagwa na rimu kwa ndani nyuzi zake zimekatika na kwa nje huoni, lazima livuliwe liangaliwe. Pancha ya kashata ikizibwa kwa ndani na kiraka chenye mkia inadumu, ya ubavuni haizibwi na fundi akikuambia inazibika ondoka.

Matairi ya sasa yana kilomita elfu 19, juzi tumepima kina cha kashata, milimita 6 na kidogo kutoka 8 za upya, na zimelika sawa kuanzia kingo mpaka katikati, tairi zote nne. Hapo sio pampu peke yake, nazungusha mbele na nyuma kila elfu 8 hivi na nilifanya alaimenti (kunyoosha magurudumu yakae sawa) siku ya kufunga. Sitasubiri zifike 1.6 ambayo nchi nyingi ndo kikomo cha sheria, kwenye 3 nabadilisha, mvua ikinyesha ile tofauti unaiona kwenye breki.

Ukienda kununua usibabaike na maandishi ya psi 150 kwenye boksi, hakuna tairi la gari ndogo linalohitaji hiyo, uliza inapuliza lita ngapi kwa dakika na inafanya kazi dakika ngapi bila kupumzika. Zile za betri ni nzuri na hazina waya, ila nimeona ya rafiki yangu imezima siku ndo inahitajika kwasababu haikuchajiwa miezi, mimi nimebaki na ya waya. Itoe kwenye boksi pale pale, uone waya na mpira unafika gurudumu la nyuma upande wa mbali na laita, na ulinganishe geji yake na nyingine yoyote waliyonayo dukani kwenye tairi hilo hilo moja. Ikitofautiana zaidi ya psi 2 rudisha uchukue nyingine, na wakikukatalia kuijaribu nenda duka lingine.