Dobi wa Deira aliyeipiga pasi kofia yangu ya viua

Naandika haya nikiwa bado nina hasira, ingawa jambo lenyewe limepita kitambo, lilitokea kabla ya Mfungo Sita wa mwaka juzi kama sikosei, na mke wangu ameshanikataza kulizungumza wakati wa kula. Duka sitalitaja jina, kwa sababu Naif, mtaa wa Deira huko Dubai, maduka ya dobi yamebanana ukuta kwa ukuta na sitaki mtu asiye na kosa adhaniwe ndiye. Itoshe kusema kwamba liko Deira, katika uchochoro nyuma ya hoteli wanazofikia wafanyabiashara wetu wa Unguja na Dar es Salaam, kioo chake kina ukungu wa mvuke mchana kutwa, na joto la pasi linakupokea kabla hujaufungua mlango sawasawa.

Anayesafiri kwa biashara anajua kwamba sanduku huenda jepesi na kurudi zito, kwa hiyo nguo za wiki mbili huwa ni zile zile za siku nne zinazofuliwa na kurudiwa. Joto lilikuwa limepita digrii 40, shati la asubuhi likiwa limeshaloa kabla ya adhuhuri, na hoteli yangu ilitoza kufua shati moja karibu na bei ya mlo. Nilijaribu kufua mwenyewe katika sinki la bafuni. Dirisha la chumba lilikuwa kioo kisichofunguka, na hata lingefunguka nisingethubutu, kwa kuwa Manispaa ya Dubai hairuhusu nguo kuanikwa kwenye roshani na anayekaidi hutozwa faini. Shati nikalitundika bafuni, kiyoyozi kikavuma usiku kucha, na asubuhi nikalikuta na unyevu makwapani, linanuka tambara la kudekia. Ndipo nikaenda kwa dobi.

Nikiri kwamba mwanzo ulinifurahisha. Neno “dobi”, ambalo tumelizoea kana kwamba lilizaliwa Unguja, asili yake ni Bara Hindi, na kijana wa kaunta, ambaye kwao ni Lahore, alipolisikia kinywani mwangu aliangua kicheko na kunivutia kiti. Tuliendelea kwa kile Kiarabu cha masokoni cha Ghuba ambacho hakifuati sarufi ya mtu yeyote lakini kila mtu anakielewa. Akahesabu mashati matano, suruali mbili, kanzu mbili na kofia moja, kila kimoja akakibandika kikaratasi chenye namba kwa pini, akaandika risiti: kanzu dirhamu 8, kofia dirhamu 2. Hapo kwenye kofia nilimsimamisha.

Kofia hiyo ni ya viua, na nitaieleza kidogo kwa sababu bila kuielewa mtu ataniona nalia kwa jambo dogo. Ni tabaka mbili za bafta nyeupe zilizoshikanishwa kwa mishono myembamba, na uso wake wote umejaa vitobo vidogo ambavyo kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono mpaka kikasimama kama jicho. Mke wangu aliishona kwa miezi mitano, jioni baada ya jioni, na upande wa kushoto kuna safu moja ambayo aliifumua akaianza upya kwa sababu vitobo viwili havikulingana, jambo ambalo mimi nisingeliona hata kwa darubini. Kofia ya namna hii haiingizwi katika mashine. Hufuliwa kwa mkono na kwa upole, hutiwa wanga mwepesi, kisha huvalishwa faroma, yaani kalibu ya kofia, na kuachwa ikauke ikiwa imewambwa, ndipo inapopata ule ukakamavu wa kusimama kichwani. Pasi haiigusi kabisa.

Yote hayo nilimwambia. Nilifanya ishara ya kufikicha kwa vidole, nikafanya ishara ya mashine na kuikataa kwa kichwa, nikafanya ishara ya pasi na kuikataa kwa mikono yote miwili. Akanijibu, “Mafi mushkil, sadiki,” yaani hakuna tatizo, rafiki yangu, na kalamu yake haikuandika neno hata moja. Huenda hapo na mimi nilikosea, kwa kuwa mtu mzima anayejua thamani ya kitu chake alipaswa kukirudisha mfukoni, lakini siku ya Ijumaa kulikuwa na nikaha ya mtoto wa ami yangu huko Sharjah, na kofia ilikuwa na alama ya jasho ukingoni.

Alhamisi jioni nikaenda kuchukua. Nguo zilikuwa zimetundikwa ndani ya nailoni, na kofia sikuiona, mpaka kijana aliponionyesha kuwa imeshikizwa kwa kibanio kwenye kiango cha kanzu. Ilikuwa bapa kama bahasha. Mtu alikuwa ameikunja katikati, akailaza mezani na kuishindilia pasi ya mvuke, hivyo kwamba mkunjo mmoja ulionyooka kama rula ulikata utosi wake toka mbele hadi nyuma, na vitobo vya pembeni ya mkunjo huo vilikuwa vimefumba. Kikaushio nacho kilikuwa kimeshafanya yake, kwani nilipoipanua kwa vidole na kuijaribu, ilikaa juu ya kichwa changu kama kifuniko cha birika.

Sikupiga kelele, na hilo nalisema kwa fahari. Nilimwuliza tu ni nani aliyefanya kazi ile. Yeye akageuza risiti na kunionyesha, kwa kidole kilichotulia kabisa, masharti yaliyochapwa nyuma kwa herufi za sisimizi, kwamba duka likiharibu nguo fidia haitazidi mara 10 ya bei ya kuifua. Kofia ilifuliwa kwa dirhamu 2. Kwa hiyo haki yangu ilikuwa dirhamu 20. Sisi tunaonunua mzigo huko tunaijua hesabu yake bila kikokotoo, dola 1 ni dirhamu 3.67, na miezi mitano ya macho ya mke wangu ikawa imethaminiwa kwa dola 5 na nusu isiyotimia. Kisha akatamka neno ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Alisema kofia ni kofia, na kwamba kule barabarani zinauzwa kwa dirhamu 25, za mashine, nzuri zaidi, zenye rangi. Noti ya 20 niliirudisha juu ya kaunta.

Sasa, mwandishi mwadilifu angetaja pia kwamba kanzu zangu zilitoka kwa weupe ambao sijauona tangu zilipotoka kwa mshonaji, kola za mashati zilikuwa safi hadi ndani ya mshono, na hakuna kifungo kilichopotea. Kazi ya aina hiyo kwa bei ile sijaipata popote. Kwa hiyo nilikuwa nimeshaanza kujiambia, nikiwa nimesimama pale pale na nailoni mkononi, kwamba duka si baya, ni kijana mmoja tu mwenye kiburi, na kwamba msafiri mwenye mashati na suruali apeleke bila wasiwasi.

Wakati huo ndipo alipotoka chumba cha nyuma mzee mmoja mwenye ndevu zilizotiwa hina, mikono yake ina alama za kuungua toka kifundo hadi kiwiko, na nikajua huyu ndiye mpiga pasi. Aliichukua kofia, akaigeuza ndani nje, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya vitobo taratibu, kisha akamtazama kijana kwa namna ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Alinipa ishara nikae. Akaichovya katika maji ya uvuguvugu mpaka mkunjo ukalegea, akakifungua kitobo kimoja baada ya kingine kwa ncha ya sindano, akachanganya wanga kidogo katika bakuli, kisha akatafuta kitu cha kuiwambia. Faroma hakuwa nayo. Alijaribu sufuria ndogo, ikawa kubwa. Alijaribu kopo la maziwa ya unga, likawa dogo, akalivingirisha taulo mpaka likaenea. Alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya saa nzima huku wateja wakimsubiri, na hakusema neno.

Kama ningeandika uzoefu huu usiku ule, ningewaambia muivuke bahari kwa ajili ya mzee yule. Kofia haikurudi kuwa yangu kamili, kwani alama ya mkunjo bado ungeiona ukiielekeza kofia kwenye taa na ukubwa ulikuwa umepungua kwa kiasi cha upana wa kidole, lakini ilisimama, na Sharjah niliivaa nikiwa nimeirudisha nyuma kidogo, na wazee waliokuwa wakiniangalia kichwani walinyamaza kwa adabu.

Nilipotoa pochi kumpa mzee chochote, alikataa akaenda zake kwenye mvuke wake. Aliyenizuia mlangoni ni yule kijana. Noti ya 20 ilikuwa imeshaondoka kwenye kaunta, kwa hoja kwamba kitu kilichotengenezwa hakina tena fidia, na mbele yangu alikuwa ameweka risiti mpya aliyoijaza kwa mwandiko mzuri sana. Ilisema: kofia, kufua mara ya pili, dirhamu 2.

Nililipa.