Vidonge vya manjano na ubani kwa goti lililosagika: uzoefu wangu wa miezi mitano

Naandika kwa sababu kabla sijaanza nilitafuta sana mtu aliyetumia anieleze ukweli nikakosa, karibu wote walikuwa wanauza. Goti langu la kulia lina mwaka wa 3 sasa, nilipigwa picha daktari akanionyesha upande wa ndani mifupa imesogeleana, gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika. Kupanda ngazi naweza, kushuka ndo kazi, nilikuwa nashuka kiupande upande nimeshika ukuta, na asubuhi goti limekaza mpaka nitembee kama dakika 20 ndo lilegee.

Chupa ya kwanza hela ilienda bure. Mbele wameandika mimea 12, geuza nyuma hakuna miligramu hata ya mmea mmoja, eti mchanganyiko maalumu basi. Mwezi mzima sikuona kitu, hiyo iliniuma sana. Ndo nikaanza kusoma lebo, kumbe manjano ya unga kurkumini yake, yaani ile kemikali inayofanya kazi, ni kidogo mno, kama asilimia 3 hivi, na hata hiyo mwili unaipokea kwa shida, nyingi inapita tu. Vidonge vya maana wanaandika kurkumini asilimia 95 na wanaweka piperini ya pilipili manga ili iingie kwenye damu. Ubani nao waseme asidi za boswelia, ndiyo kemikali zake zinazofanya kazi, ni asilimia ngapi, wasiposema rudisha.

Hivi ninavyotumia sasa ni kurkumini miligramu 500 mara mbili kwa siku pamoja na ubani, nameza na chakula chenye mafuta maana tumbo tupu vilinipa kiungulia kibaya. Wiki 3 kimya kabisa. Wiki ya 6 hivi nikashuka ngazi na beseni la nguo mikono yote miwili, nimefika chini ndo nashtuka sijagusa ukuta. Nilisimama pale na beseni langu machozi yakanilenga. Maumivu hayajaisha jamani, yamepungua, na dawa ya maumivu niliyokuwa nameza karibu kila siku sasa wiki inapita sijaigusa.

Ila niseme na hili, wakati huohuo nilianza mazoezi ya paja, unakaa kwenye kiti unanyoosha mguu unaushikilia hapo unahesabu mpaka 10 unashusha, mara 15 kila mguu. Kuna wiki 2 nilisafiri nikaacha mazoezi, vidonge naendelea navyo vilevile, goti likarudi kukaza. Kwa hiyo anayekwambia kidonge peke yake kitakuotesha gegedu jipya anakudanganya, hakuna mmea unaofanya hivyo.

Mama yangu mdogo alipoona naweza kushuka ngazi akataka nimgawie nusu chupa, nikamkatalia na akanuna, lakini anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na manjano ya dozi kubwa yanaweza kumzidishia kutokwa damu. Mwenye mawe kwenye nyongo au shida ya ini naye aongee na daktari kwanza, wapo watu ini limewaumia kwa vidonge vya manjano hasa vyenye piperini. Mimi niliambiwa nikiona macho ya njano au mkojo mweusi niache siku hiyohiyo niende hospitali, mpaka leo sijaona.

Chupa hii ikiisha naacha mwezi mmoja, mazoezi nabaki nayo, nione goti litakuwaje.