Kamera ndogo ya kupigia picha usiku ndani ya nyumba: niliyoyaona baada ya kununua mara mbili

Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na tangu hapo flashi inamsumbua. Ikimwaka tu anafumba macho na kugeuza uso, na picha imeshaharibika. Nami picha zake ninazozitaka ni za jioni, amekaa kwenye kiti chake chini ya taa moja, anafuma, wajukuu wanapitapita. Mchana hatulii mahali pamoja. Kwa hiyo nilipoamua kununua kamera sikuwa natafuta ya safari wala ya video. Nilitaka kitu cha kuingia mfukoni, kiweze kumpiga picha chini ya balbu moja bila flashi, na bei yake isinimalize.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilinunua kamera mpya kabisa: megapikseli 20, zumu ndefu, kioo kikubwa nyuma. Jina lake nimeliacha kwa sababu kamera za aina ile ziko nyingi na tabia yao ni moja. Mchana ilipiga picha safi, sina la kulalamika. Ilipofika jioni niliumia moyo. Picha ilijaa chenga, uso wa mama ukawa kama umepakwa rangi kwa brashi nene, nywele zake nyeupe zikashikana kama pamba. Nilipoishusha ISO, yaani kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga iliopokea, ili chenga zipungue, kila kitu kilicheza. Nikadhani tatizo ni mikono yangu, nikaiweka kamera juu ya meza. Meza ikatulia, kiti kikatulia, mama akatoka na mikono minne.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kutoa hela.

Kitu ambacho kwenye boksi hakiandikwi kwa herufi kubwa ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kilichochukua nafasi ya filamu. Kamera yangu ile ilikuwa na kihisi cha daraja linaloitwa 1/2.3. Kwa vipimo ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, eneo la milimita za mraba 28 hivi. Ukucha wa kidole cha mwisho unakifunika. Kwenye eneo hilo wamebananisha pikseli milioni 20, na kila moja inasubiri mwanga ambao chumbani haupo.

Kitu cha pili ni tundu la lenzi. Namba zake zinakwenda kinyume, na hapo wengi huchanganyikiwa: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. f/2 inapitisha mwanga mara mbili ya f/2.8, na f/1.4 mara mbili ya f/2. Kamera yangu ya kwanza ilianzia f/3.3, na ukivuta zumu hadi mwisho ilifika f/6.5. Chumbani usiku, f/6.5 ni sawa na kuchungulia kupitia tundu la ufunguo.

Nikajitengenezea hesabu ya kulinganisha. Chukua eneo la kihisi kwa milimita za mraba, ligawe kwa namba ya f iliyozidishwa kwa yenyewe. Jibu likiwa kubwa, kamera inakusanya mwanga mwingi zaidi kwa muda uleule. Haiangalii kihisi ni cha mwaka gani, na vihisi vya karibuni vinautumia mwanga vizuri kuliko vya zamani, lakini kwa kuchuja kamera kumi kubaki na tatu inatosha. Ya kwangu, bila kuvuta zumu, ilipata kama 2.6. Ukivuta hadi mwisho, haifiki hata 1.

Kwa bajeti yangu kamera mpya zenye kihisi kikubwa hazikuwezekana, hivyo nikahamia kwenye zilizotumika. Nilifurahi kugundua kwamba kamera nzuri ya miaka mingi iliyopita, ikiwa imetunzwa, kwa kazi hii inaishinda vibaya kamera mpya ya bei rahisi.

Niliangalia kwanza Canon PowerShot S95 ya mwaka 2010. Ni ndogo kweli, ina kihisi cha 1/1.7, eneo kama 43, na lenzi inayoanzia f/2. Kwa hesabu yangu inapata karibu 11, yaani mara nne ya niliyokuwa nayo. Ina megapikseli 10 tu na hilo halikunitisha hata kidogo, kwa sababu picha za mama zinachapishwa kwa ukubwa wa bahasha. Tatizo ni kwamba ukivuta zumu hadi mwisho inafika f/4.9, na kihisi ni kidogo, kwa hiyo faida inayeyuka.

Ya pili ilikuwa Panasonic LX7 ya 2012, na hii nusura niichukue. Lenzi yake inaanzia f/1.4, na ukivuta zumu hadi mwisho, bado iko f/2.3. Kihisi ni cha daraja lile la 1/1.7 na haikitumii chote, kwa hiyo bila kuvuta zumu inapata kama 18 hadi 22, na mwisho wa zumu kati ya 6 na 8. Kumbuka namba hizo za mwisho.

Ya tatu ni Sony RX100 ya kwanza, nayo ya 2012. Kihisi chake kinaitwa cha inchi 1, ingawa ukikipima hakifiki inchi upande wowote: ni milimita 13.2 kwa 8.8. Jina ni urithi wa mirija ya kamera za televisheni za zamani, iliyopimwa kwa unene wa mrija wenyewe wa kioo. Eneo ni 116, mara nne ya kile cha kamera yangu ya kwanza. Lenzi inaanzia f/1.8, na hesabu inatoa karibu 36. Ukiweka 36 kando ya 2.6 unaelewa kwa nini nililala vibaya usiku ule.

Lakini RX100 ukiivuta zumu hadi mwisho inafika f/4.9, na hesabu inaanguka kutoka 36 hadi chini ya 5. LX7, yenye kihisi kidogo, hapo inaipita! Hili watu wengi hawalisemi. Wanaangalia ile namba ya kwanza kwenye lenzi, wanaisahau ya pili. Kama wewe unapiga picha za jukwaani ukiwa umekaa nyuma na huwezi kusogea, namba ya pili ndiyo kamera yako. Mimi mama yangu yuko hatua mbili mbele yangu na kiti naweza kukivuta, kwa hiyo nikachagua RX100.

Kuna Ricoh GR ya 2013 pia, yenye kihisi cha APS-C ambacho ni kikubwa mara tatu ya hiki, na bado inaingia mfukoni. Haina zumu kabisa, na haina kitulizi cha mtikisiko. Kwa hesabu inashinda zote. Bei yake hata ikiwa imetumika ilinizidi, nikaiacha.

Niliyonunua ilikuwa imechubuka kona mbili na hilo halikunisumbua. Nilichoangalia kwa makini ni vumbi. Kamera hizi lenzi haitoki, hivyo vumbi likiingia hadi kwenye kihisi huwezi kulifuta mwenyewe. Fundi lazima aifungue. Weka tundu dogo kabisa, kwa hii ni f/11, piga ukuta mweupe au anga, kisha kuza picha uipekue kona kwa kona. Doa la kijivu lisilohama kutoka picha moja hadi nyingine ni vumbi. Washa na uzime mara kadhaa usikilize lenzi ikitoka na kurudi. Ikisaga au kusita, rudisha. Mulika lenzi kwa tochi uone kama kuna ukungu wenye nyuzinyuzi ndani, hiyo ni kuvu. Betri usiiogope, zinapatikana. Yangu ilikuwa imechoka na nikaibadilisha wiki ya kwanza.

Jioni ya kwanza niliiacha ijichagulie kila kitu na matokeo yakawa mazuri kiasi, si ya kushangaza. Nilichojifunza ni kwamba kamera ikiachiwa gizani hupenda kupunguza kasi ya shata, lile pazia linaloamua mwanga uingie kwa muda gani, kwa sababu inakiamini kitulizi chake. Kitulizi kinatuliza mikono yangu. Mikono ya mama inayofuma hakiwezi kuituliza. Kwa hiyo naweka hali ya S, nachagua kasi mwenyewe, kamera inafungua tundu na kupanga ISO. Akiwa ametulia anasikiliza redio, 1/30 ya sekunde inatosha. Akifuma naweka 1/80. Akiongea na kucheka, 1/125, na hapo ISO hupanda hadi 3200.

ISO 3200 kwenye kamera hii ina chenga, nisikudanganye. Ila ni chenga ndogondogo zilizosambaa sawa, na mikunjo ya uso bado inaonekana, kope zinaonekana, uzi unaonekana umesokotwaje. Kwangu hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Kamera ya kwanza ilikuwa inazifuta chenga kwa nguvu na kuondoka na uso wa mama pamoja nazo. Kwenye 6400 napunguza matarajio, naigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe.

Zumu siigusi usiku. Nasogea kwa miguu. Hata kuvuta kidogo tu kunalifinya tundu haraka, na nikisahau naliona mara moja kwa jinsi ISO inavyoruka. Ubaya wake ni kwamba lenzi ikiwa pana na wewe uko karibu mno, pua inakua kubwa na masikio yanarudi nyuma. Nasimama hatua mbili, napiga, kisha nakata pembeni baadaye. Megapikseli 20 hapo zimenisaidia kweli.

Kulenga gizani kunahitaji subira. Kamera hii inalenga kwa kutafuta mahali penye tofauti ya mwanga na kivuli, na shavu laini kwenye kivuli haliipi kitu cha kushika. Lenzi inakwenda mbele na nyuma kisha inakata tamaa. Nalenga fremu ya miwani ya mama, au pindo la kitenge begani, vitu vyenye ukingo mkali vilivyo umbali sawa na jicho. Kile kitaa cha rangi ya chungwa kinachowaka kusaidia kulenga nimekizima kwenye menyu, kinamkera.

Mfumo wa RAW, unaohifadhi picha kama kihisi kilivyoipokea, nautumia kwa picha chache ninazozipenda sana. Rangi ya balbu ni ya njano nzito, na kwenye RAW naweza kuirudisha ngozi kwenye weusi wake halisi bila kuharibu chochote. Kwa picha za kila siku nachagua tu alama ya balbu kwenye mpangilio wa rangi.

Mwili wa kamera ni laini, hauna mshiko mbele. Nimebandika kipande cha mpira, na kamba ya mkononi siivui. Inachajiwa kwa waya betri ikiwa ndani, maana yake ikichaji hupigi picha, hivyo betri ya pili pamoja na chaja yake ni kitu cha kununua mapema.

Na simu? Swali la haki. Simu nzuri za siku hizi zina hali ya usiku inayopiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha ziwe moja. Kwa chumba kilichotulia zinafanya kazi nzuri, na kama simu yako ni ya daraja la juu, sioni sababu ya kutumia hela kwenye kamera. Simu yangu si ya daraja hilo. Uso ukitembea kidogo kati ya picha na picha, simu yangu inaulainisha uwe kama udongo wa mfinyanzi. RX100 nayo ina hali yake ya kuunganisha picha, ninaitumia kwa chumba kitupu na mwezi dirishani, kwa watu hapana.

Nilichoshindwa ni wajukuu. Mtoto wa miaka mitatu anayekimbia kuelekea kwenye mapaja ya bibi yake anahitaji 1/250 au zaidi, na kwa balbu moja hakuna kamera ya bajeti yangu inayofika huko bila picha kuvunjika. Nilihangaika mwezi mzima na mipangilio. Mwishowe nilinunua taa ya pili ya mezani, nikaielekeza juu kwenye dari jeupe ili mwanga urudi chini ukiwa mpole. Mama hakulalamika. Alisema sasa anaiona sindano vizuri, akaomba iachwe pale pale.