Kadi ya Visa ya akaunti ya shilingi nchini Zambia: uzoefu wangu kutoka Mbeya hadi Lusaka

Kadi ninayoizungumzia ni ile ya kawaida ya benki yenye nembo ya Visa, inayotoa fedha katika akaunti ya shilingi ambayo mshahara wangu hupitia. Niliitumia katika safari ya basi kutoka Mbeya hadi Lusaka nilipompeleka mdogo wangu kuanza masomo. Niseme mapema nilivyoiona: ndani ya Lusaka ilinifaa kuliko fedha taslimu, lakini njiani, kati ya Nakonde iliyo mpakani upande wa Zambia na Kapiri Mposhi, haikunisaidia karibu chochote, na makato yake yanahitaji kuangaliwa kwa jicho la mfanyabiashara.

Kabla ya kuondoka nilifika tawini kuomba kadi ifunguliwe kwa matumizi ya nje ya nchi, kwa kuwa kadi nyingi hutolewa zikiwa zimefungiwa matumizi hayo. Huduma ilikuwa ya haraka na mhudumu alikuwa mstaarabu, ila alichonieleza kwa hiari yake ni kiwango cha juu cha kutoa kwa siku tu. Ilibidi niulize mwenyewe ada ya kutoa fedha kwenye ATM ya nje, pamoja na asilimia ambayo benki huongeza inapobadilisha fedha za kigeni kuwa shilingi. Hayo mawili ndiyo yanayoamua kama kadi ni nafuu au ghali, na mtu asiyeyauliza atakutana nayo kwenye taarifa ya akaunti akiwa amesharudi nyumbani.

Tunduma, mpakani upande wetu, nilibadilisha shilingi kuwa kwacha, fedha ya Zambia, kiasi cha kutosha njia nzima na siku ya kwanza Lusaka. Anayeufahamu mji ule anajua kwamba hujashuka vizuri kwenye gari kabla vijana wenye mabunda ya kwacha hawajakuzunguka, kila mmoja akiwa na bei yake. Baadhi yao ni waungwana kabisa, lakini anayefanya biashara mkononi barabarani hakupi risiti, na noti ikionekana bandia baada ya kuvuka huna pa kumrudia. Nilikwenda kwenye duka la kubadilisha fedha lenye leseni, nikaulizia bei ya kununua na ya kuuza, kisha nikapiga hesabu kwenye simu yangu mwenyewe na si kwenye kikokotoo nilichosogezewa dirishani. Bei ilikuwa chini kidogo ya ile niliyotajiwa nje, na sikuona tabu kulipia tofauti hiyo ili nihesabu fedha zangu nimetulia.

Jambo la kuangalia kwa makini ni noti zenyewe. Benki Kuu ya Zambia ilianza kutoa noti mpya tarehe 31 Machi 2025, zikiwemo za kwacha 500 na 200, wakati katika noti zilizotangulia kubwa kuliko zote ilikuwa ya kwacha 100, na zile za zamani zilipewa mwaka mmoja wa kuondoka kwenye mzunguko. Mgeni ndiye rahisi kubambikiwa noti ambayo mwenyeji hataki kubaki nayo. Niliomba noti mpya peke yake, na nyingi ziwe ndogo, kwa sababu muuza ndizi wa kituo cha basi hana chenji ya noti ya 500.

Barabara ya kwenda Lusaka ina zaidi ya kilomita 1,000, ikipita Isoka, Chinsali, Mpika na Serenje kabla ya kufika Kapiri Mposhi, ambako reli ya TAZARA nayo huishia. Njiani humo chakula, maji na choo vyote nilivilipia kwa fedha mkononi. Wenyeji hulipana sana kwa simu kama sisi, lakini bila laini ya Zambia iliyosajiliwa kwa jina lako mlango huo umefungwa. ATM zipo katika miji mikubwa kidogo, ila basi halimsubiri abiria mmoja aliyekwenda kupanga foleni benki.

Lusaka mambo yalibadilika. Katika maduka makubwa ya Manda Hill na East Park, ambako tulinunua shuka, sufuria na vitu vingine vya chumba cha mwanafunzi, kadi ilikubaliwa kila nilipoichanja, na ujumbe wa makato ulifika kwenye simu kabla risiti haijakatwa. Kwa manunuzi ya namna hii sina lawama, kwani hakukuwa na ada ya kila muamala bali ile asilimia ya kubadilisha fedha peke yake, na sikulazimika kutembea mjini na bunda mfukoni. Kamwala, ambako bei za nguo na vyombo ni nafuu zaidi, nilirudi kwenye noti.

Katika nyumba ya wageni tuliyofikia, mashine iliuliza kama nataka kulipa kwa kwacha au kwa shilingi za Tanzania. Swali hilo linaonekana kama ukarimu, kwa kuwa mtu hufurahi kuona bei kwa fedha ya kwao. Ukichagua shilingi, anayebadilisha ni mwenye mashine na washirika wake, kwa kiwango wanachokipanga wao, na kwa kawaida humo ndimo wanamoweka faida yao. Ukichagua kwacha, mtandao wa Visa hubadilisha kwa kiwango chake, ambacho mtu yeyote anaweza kukiangalia kwenye tovuti yao, kisha benki yako huongeza asilimia yake. Nilichagua kwacha, na mpokezi aliyekuwa tayari amenyoosha kidole kubonyeza shilingi kwa niaba yangu alishangaa kidogo. Shika mashine mwenyewe.

ATM ndiyo inayotafuna zaidi, na sababu yake ni hesabu. Tuchukulie, kwa urahisi, kwamba kwacha moja ni shilingi 100 na kwamba kila unapotoa fedha nje unakatwa shilingi 10,000. Ukitoa kwacha 500 mara sita, umelipa shilingi 60,000 ili upate 300,000, yaani asilimia 20. Ukitoa kwacha 3,000 kwa mara moja, umelipa kidogo zaidi ya asilimia 3. Benki yenye mashine nayo inaweza kuweka ada yake juu ya ile ya benki yako, ingawa hiyo huonyeshwa kwenye kioo kabla hujathibitisha, nawe una nafasi ya kughairi na kujaribu benki ya jirani.

Mashine mojawapo iliniandikia kwamba muamala umeshindikana, ilhali simu yangu ilipokea ujumbe kwamba fedha zimekatwa. Nilihifadhi karatasi ya mashine na kupiga picha ya ujumbe, nikaiarifu benki yangu, na fedha zilirudi baada ya siku kadhaa bila mimi kufika tawini. Hata hivyo siku kadhaa ni ndefu kwa mtu aliye ugenini, na bila kwacha nilizokuwa nimetenga kutoka Tunduma ningelazimika kukopa.

Kwa wanaopita Kasumulu kwenda Malawi hesabu si hii. Kwacha ya Malawi ni fedha nyingine yenye thamani ndogo zaidi, na hata baada ya benki kuu yao kuishusha kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023, bei rasmi imeendelea kuwa mbali na ya mitaani. Kadi hukokotoa kwa bei rasmi, kwa hiyo huko kila unachochanja huwa ghali kuliko unavyotarajia.

Wakati wa kurudi nilibadilisha noti zilizobaki Tunduma, kwa kuwa Mbeya mjini si rahisi kupata anayezinunua kwa bei ya maana. Sarafu hazikutakiwa na yeyote, na sasa ni nyingi kuliko zamani kwa sababu kwacha 2 na 5 nazo zimekuwa sarafu, hivyo nilizimalizia upande wa Nakonde kwa maji na biskuti. Kadi nimeomba ifungwe tena kwa matumizi ya nje hadi mdogo wangu atakapokaribia kufunga muhula.